Nani Ashike Fedha za Watu? Utangulizi wa Somo la Ajira za Benki na Hatia za Zamani

Mwaka 1963, kijana mmoja wa jimbo la Iowa, Marekani, alitumbukiza kipande cha kadibodi kilichokatwa kwa umbo la sarafu ya senti kumi kwenye mashine ya kufulia nguo ya kulipia. Alikamatwa, akatiwa hatiani, maisha yakaendelea. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 68 na akihudumia wateja wa benki ya Wells Fargo mjini Des Moines, alifukuzwa kazi kwa sababu ya kadibodi ile. Hakuna aliyemtuhumu kwa lolote alilofanya kazini. Benki ilisema sheria haikuiachia hiari, na kwa kiasi kikubwa ilisema kweli.

Wanafunzi wengi huingia kwenye somo letu kupitia kisa hiki. Kwanza hucheka, halafu hukasirika, na wakishakasirika huona wamemaliza. Nakuomba usiishie hapo. Kisa cha kadibodi ni chepesi mno, kwa kuwa hakuna anayeamini kwamba mzee wa miaka 68 ni hatari kwa ajili ya senti kumi. Ugumu huanza pale kosa linapokuwa kosa hasa: keshia aliyechota kwenye droo, karani aliyeghushi saini, kijana aliyenunua vitu kwa kadi ya mtu mwingine. Hao nao humaliza vifungo vyao, huhitaji kazi, na baadhi yao huomba kazi benki. Nani awapokee, baada ya muda gani, na awakalishe meza ipi? Wanasheria, wanasosholojia, wanauchumi na watu wa benki wamelichimba swali hilo kila mmoja kwa upande wake, na mara nyingi hawasomani. Karibu uwasome wote kwa pamoja.

Nitaizungumzia Marekani, kwa sababu huko sheria imeandikwa kwa undani na watafiti wamepata cha kuhesabu. Na niseme mapema ninaposimama, ili unisome ukiwa macho. Naamini Marekani ilikesha miaka mingi ikilinda mlango wa kuingilia benki, huku ulinzi wenye manufaa zaidi ukiwa ndani, kwenye mpangilio wa kazi yenyewe.

Chimbuko la sheria ni hofu, na haikuwa hofu ya bure. Kati ya 1930 na 1933 benki zipatazo 9,000 zilifunga milango Marekani, na watu wakapoteza akiba za maisha yao. Mwaka 1933 Bunge likaunda FDIC, shirika la serikali la bima ya amana. Kuanzia Januari 1934 mwenye akaunti alikingwa hadi dola 2,500. Leo kinga hiyo imefika dola 250,000. Serikali ikishajifunga kulipa pale benki inapoanguka, haishangazi ikitaka kujua ni nani wanaoshika funguo. Ndipo kilipoingia Kifungu cha 19 cha Sheria ya Bima ya Amana ya 1950: mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa lenye udanganyifu au usaliti wa dhamana asifanye kazi kwenye benki yenye bima bila ruhusa ya maandishi ya FDIC.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya mamia ya taasisi za akiba na mikopo ya nyumba kuporomoka, baadhi yake zikiwa zimekamuliwa na watu waliokuwa wakiziongoza, kamba ikakazwa. Mabadiliko ya 1989 na 1990 yaliwabana hata watu ambao hawakuwahi kutiwa hatiani, yaani wale waliokubali masharti fulani, kama kulipa fidia au kufanya kazi za kijamii, ili kesi iondolewe mahakamani. Utakatishaji fedha nao ukaingizwa kwenye orodha. Kwa makosa mazito ya kifedha ya sheria ya shirikisho, kama ulaghai dhidi ya benki au ubadhirifu wa mfanyakazi wa benki, iliwekwa miaka 10 ambayo ndani yake FDIC yenyewe haina mamlaka ya kutoa ruhusa. Sharti iombwe mahakama iliyotoa hukumu. Anayekiuka kifungu hiki kwa kujua hukabiliwa na faini inayoweza kufika dola milioni moja kwa kila siku ya ukiukaji, au kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili.

Jiweke kwenye kiti cha ofisa ajira mwenye kifungu hicho mezani. Dola milioni moja kwa siku! Mbele yake ana waombaji wawili wanaolingana, mmoja ana doa la miaka ishirini iliyopita na mwenzake hana. Hatasumbuka kuomba ruhusa Washington. Ataliweka faili pembeni, na mwombaji atapokea barua ya adabu isiyo na sababu. Ukatili wa kifungu hiki haukuwa katika kukataza, kwa kuwa ruhusa zilitolewa, na yule mzee wa Iowa mwenyewe aliipata baadaye. Ulikuwa katika kuifanya kila ajira ya aina hii kuwa mzigo ambao ofisa hana sababu ya kuubeba. Tena kiligusa waajiriwa wote wa benki yenyewe, meneja na mfagizi, bila kuuliza nani anafika karibu na fedha.

FDIC ililegeza kidogo kidogo. Waraka wa sera wa 1998 ulitenga makosa madogo ambayo hayakuhitaji maombi, na masahihisho ya 2012 na 2018 yakapanua tundu hilo. Badiliko kubwa lilikuja tarehe 23 Desemba 2022, pale Sheria ya Ajira ya Haki Katika Benki ilipotiwa saini, ikiwa imebebwa ndani ya sheria ndefu ya matumizi ya ulinzi. (Ndivyo Bunge la Marekani lilivyo: mambo mengi mema husafiri huko kwa kudandia gari la mwingine.) Kwa sheria hiyo, makosa mengi hayahitaji tena maombi kama imepita miaka 7 tangu yatendeke, au miaka 5 tangu mfungwa atoke gerezani. Aliyetenda kosa akiwa na umri wa miaka 21 au chini hungoja miezi 30 tu tangu hukumu. Kupatikana na dawa za kulevya kuliondolewa kwenye makosa ya udanganyifu. Kitambulisho bandia, wizi mdogo wa dukani na kupanda treni bila nauli vikapewa mwaka mmoja. Rekodi iliyofutwa au kufungwa kwa amri ya mahakama haihesabiwi. Ile orodha ya miaka 10 haikuguswa.

Sheria husomeka vizuri zaidi ikivishwa mtu, basi tumbuni mmoja. Mwanamke wa miaka 24, keshia wa mkahawa huko Ohio, alichota dola 3,000 kwa miezi kadhaa katika mwaka 2012, akafungwa, akatoka 2014. Gerezani amejifunza uhasibu, na tangu atoke amekuwa akitunza vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka 2020 anaomba kazi ya kukagua nyaraka za mikopo. Kwa sheria ya wakati huo, kosa lake ni la udanganyifu na si dogo. Ni lazima benki imwombee ruhusa, au ajiombee mwenyewe: alama za vidole, nakala za hukumu, maelezo ya kilichotokea kwa mkono wake, ushahidi kwamba amebadilika, maelezo ya kazi atakayofanya. Kisha asubiri. Mtu huyohuyo akiomba leo hahitaji kibali cha yeyote, kwa maana miaka 5 tangu atoke imepita.

Hapa wanafunzi wangu hupumua, na hapa ndipo huwarudisha nyuma. Sheria imeacha kumkataza. Haijamlazimisha mtu kumwajiri. Benki bado inaweza kumkataa, na swali lililokuwa la FDIC limehamia kwenye meza ya ofisa ajira. Je, alichotenda 2012 kinamwambia nini ofisa huyo kuhusu leo?

Kuhusu muda, kazi inayonukuliwa zaidi ni ya Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura, iliyochapishwa 2009. Waliwafuatilia watu waliokamatwa kwa mara ya kwanza jimbo la New York mwaka 1980, wakauliza inachukua miaka mingapi bila kukamatwa tena hadi hatari ya mtu huyo ilingane na ya mtu yeyote wa umri wake. Kwa aliyekamatwa kwa unyang'anyi akiwa na miaka 18, jibu lilikuwa miaka 7.7. Kwa uvunjaji wa nyumba, miaka 3.8. Ukiziweka namba hizo kando ya miaka 7 ya sheria ya 2022, utaona ile ya unyang'anyi haipishani nayo sana. Lakini zisome kwa uangalifu. Zinahusu vijana na makosa ya mitaani. Keshia wetu wa Ohio hayumo humo. Mwizi wa kalamu hafanani na mwizi wa kisu, na fani yetu imemjua wa kisu zaidi.

Wa kalamu alitafutwa mapema na Donald Cressey, mwanasosholojia aliyewahoji wafungwa wa ubadhirifu katika magereza ya Illinois, California na Indiana, kisha akaandika kitabu kilichotoka 1953. Alichokuta ni watu wa kawaida mno: waliopokea dhamana kwa nia njema, wakapatwa na shida ya fedha waliyoona hawawezi kumwambia mtu, wakatambua kwamba nafasi waliyokalia inaweza kuitatua kwa siri, na wakajipa maneno ya kujituliza, hasa kwamba wanakopa tu na watarudisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Wakaguzi wa hesabu wa leo bado wanafundishwa kwa mafunzo yaliyotokana na mahojiano yale, na ripoti za chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai zimerudia mara kwa mara kwamba idadi kubwa kabisa ya wanaonaswa wakiibia waajiri wao hawakuwa na hatia yoyote ya ulaghai hapo kabla.

Hoja hii hupendwa sana na watetezi, nami naipenda, lakini msomaji mkali ataibana mara mbili. Kwanza, Cressey kwa makusudi aliwaweka kando wale walioingia kazini wakiwa tayari na nia ya kuiba, kwa hiyo haishangazi kwamba waliobaki walikuwa wameingia kwa nia njema. Pili, ikiwa wenye hatia wamezuiwa mlangoni kwa miongo kadhaa, bila shaka watakuwa wachache miongoni mwa wanaoiba ndani. Takwimu hiyo peke yake haithibitishi kwamba mlango ungeweza kuachwa wazi. Inathibitisha jambo dogo zaidi ambalo kwangu linatosha: kumchuja mtu mlangoni hakuiondolei benki hatari iliyo kubwa, na anayedhani amemaliza kazi kwa kuajiri wasio na doa amejidanganya.

Watu wa benki wenyewe wamelijua hilo tangu zamani. Ingia tawi lolote asubuhi, kabla wateja hawajaruhusiwa. Kasha kuu halifunguliwi na mtu mmoja. Mmoja ana nusu ya namba za siri, mwenzake ana nusu nyingine, na wote wawili husimama pale hadi fedha zihesabiwe. Anayeandaa malipo makubwa siye anayeyaidhinisha. Tena kuna desturi inayowashangaza wageni: katika benki nyingi za Marekani, wenye nafasi nyeti hulazimishwa kuchukua likizo ya wiki mbili mfululizo kila mwaka, wasiguse mfumo hata kwa simu. Wizi wa kalamu unahitaji matunzo ya kila siku, hesabu ya jana ifunikwe na ya leo. Mwenye wizi akiondoka wiki mbili na mwingine akakaa kwenye kiti chake, kifuniko hudondoka. Ofisa asiyewahi kuugua, asiyechukua likizo, anayefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, mkaguzi mzoefu humtazama kwa jicho la pili.

Vipi utendaji kazi wa wenye rekodi wakishaajiriwa? Jennifer Lundquist, Devah Pager na Eiko Strader walitumia kumbukumbu za jeshi la Marekani, lililokuwa likiwasajili kwa msamaha maalumu baadhi ya watu wenye hatia nzito. Hawakukuta tofauti katika kuachishwa kazi mapema, na waliosamehewa walipanda vyeo haraka kuliko wenzao. Dylan Minor, Nicola Persico na Deborah Weiss walitazama wafanyakazi wa vituo vya simu. Wenye rekodi walikaa kazini muda mrefu zaidi, faida kubwa kwa mwajiri anayechoka kufundisha wapya kila mwezi. Ila katika kazi za mauzo, walifukuzwa kwa utovu wa nidhamu mara nyingi zaidi kuliko wasio na rekodi. Matokeo hayo mara nyingi hunukuliwa nusu tu, kila upande ukichukua nusu inayoupendeza. Yanukuu yote. Kituo kilekile cha simu kilitoa majibu mawili kwa kazi mbili, na hapo ndipo ninapopata ushahidi kwamba swali la meza ipi haliepukiki.

Lakini kabla ya kufika mezani, kuna fomu. Pager huyohuyo, katika utafiti wa Milwaukee uliochapishwa 2003, aliwatuma vijana wenye sifa zilizolinganishwa kwenda kuomba kazi. Mzungu asiye na rekodi aliitwa tena kwa asilimia 34 ya maombi. Mwenye rekodi, asilimia 17. Mweusi asiye na rekodi aliitwa kwa asilimia 14. Mwenye rekodi, asilimia 5. Angalia tena namba ya pili na ya tatu: mweusi msafi aliitwa mara chache kuliko mzungu aliyetoka gerezani. Hakuna utangulizi wa somo hili unaoweza kuzipita namba hizo haraka.

Harakati za kuondoa kile kisanduku cha "umewahi kutiwa hatiani?" kwenye fomu zilianzia Hawaii, iliyotunga sheria yake 1998, zikapata nguvu baada ya 2004 kupitia waliokuwa wafungwa wa California waliojipanga wenyewe. Nia ilikuwa mwombaji atazamwe kwanza, rekodi ifuate. Amanda Agan na Sonja Starr wakapima kwa maombi ya kubuni yapatayo 15,000 yaliyotumwa New Jersey na New York City kabla na baada ya kisanduku kuondolewa. Pengo kati ya weupe na weusi katika kuitwa tena liliruka kutoka asilimia 7 hadi 43. Mwajiri aliyenyimwa taarifa alianza kukisia, na alikisia kwa rangi. Wengine wamesema tatizo ni ubaguzi, si kisanduku, nao hawajakosea. Ila sera huishi na watu waliopo.

Upande wa benki zenyewe, JPMorgan Chase ilitangaza 2019 kwamba imekiondoa kisanduku hicho kwenye maombi yake nchini Marekani, na kwamba takriban mtu mmoja kati ya kumi waliokuwa wakiajiriwa huko alikuwa na rekodi ya aina fulani. Mkuu wake, Jamie Dimon, amelisemea jambo hili hadharani mara nyingi. Sina haja ya kupima moyo wa mtu. Benki inayohitaji maelfu ya watu wa vituo vya simu na kuchakata nyaraka, katika nchi ambayo kwa makadirio yanayotumiwa sana watu milioni 70 wana rekodi ya kukamatwa au kutiwa hatiani, ina hesabu zake. Anayetaka upande wa udalali wa hisa akumbuke tu kwamba huko hutawala sheria nyingine, inayomfungia mwenye hatia nzito ya aina yoyote kwa miaka 10, hata kama kosa lake halikuhusu fedha.

Msomaji wetu aliye Minnesota au Texas, mwenye ndugu Mombasa au Morogoro, ana tanzi lake la ziada. Jimbo linaweza kuifuta hatia yake ya wizi mdogo, na kwa Kifungu cha 19 ikawa haipo. Kwa sheria ya uhamiaji ya shirikisho, hatia hiyo kwa kawaida ingali hai, hata kama jimbo limeifuta. Nimeona watu wakichanganya mambo haya mawili kwa gharama kubwa. Kabla ya kujaza fomu yoyote ya uraia kwa kutegemea karatasi ya jimbo, amwone mwanasheria wa uhamiaji. Anayesoma akiwa Nairobi, aliyezoea kuombwa cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kwa karibu kila kazi, asidhani miaka 7 na miezi 30 ya Wamarekani inaweza kuhamishwa kama ilivyo. Ichukue njia ya kuuliza, uache majibu.

Hata huko Marekani kufutiwa rekodi kumebaki haki ya wachache. J. J. Prescott na Sonja Starr, wakitumia kumbukumbu za Michigan, walikuta ni asilimia 6.5 tu ya waliostahili waliofutiwa hatia ndani ya miaka mitano tangu wastahili. Waliofanikiwa, mishahara yao ilipanda kwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya mwaka mmoja. Waliobaki walikwama kwenye ada, fomu, safari za mahakamani na kutojua kwamba mlango upo. Pennsylvania ilitunga sheria 2018 ya rekodi fulani kufungwa zenyewe bila mtu kuomba, na majimbo mengine yakaifuata. Kwa mtafiti kijana, naona shamba lenye rutuba kuliko yote ni hili, kwa sababu sheria ya 2022 imeifanya karatasi ya jimbo iamue moja kwa moja nani anaingia benki.

Unapoanza, soma Kifungu cha 19 chenyewe kabla ya maoni ya yeyote. Hakichukui jioni nzima. Msome Cressey, hata kama lugha yake imezeeka. Halafu tafuta ofisa wa benki atakayekubali kuzungumza nawe, umwombe orodha ya nafasi zote za tawi lake, na kwa kila nafasi muulize: anayekaa hapa anaweza kuhamisha fedha peke yake, bila mtu wa pili kuidhinisha? Andika ndiyo au hapana pembeni. Orodha ya ndiyo huwa fupi kuliko maofisa wanavyotarajia, na mjadala mwingi kuhusu keshia wetu wa Ohio unahusu nafasi zilizomo humo tu.